Majani Yaliyopoteza Ukakasi

"Shusha ukope wa chini," nilimwambia. "Wa chini, shemeji. Huo ni wa juu."

Mbuyiselo, mdogo wake mume wangu, alikuwa amembana mbuzi katikati ya magoti na kumshika pembe. Mimi nilikuwa nje ya zizi, kidevu juu ya ua wa miti, mtoto mgongoni, manyunyu ya asubuhi yakiniingia shingoni. Akashusha ukope wa chini. Akatazama. Akainama akatazama tena, kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha asiyoijua.

"Rangi gani?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ndiyo rangi gani?"

"Ya jicho, shemeji. Jicho la mbuzi."

Haki ya Mungu, nilitamani kung'oa mti mmoja wa ua ule nimtandike nao. Nyama ya ndani ya ukope wa mbuzi mzima ni nyekundu kama ulimi wako. Minyoo ikianza kumnyonya damu tumboni, nyama ile hupauka, kisha huwa nyeupe, na ikishakuwa nyeupe huna siku nyingi. Nilichotaka kujua ni hicho tu, nyekundu au nyeupe. Hata mtoto wangu mchanga angenijibu kama angekuwa na maneno.

"Mwachie huyo. Shika yule mwenye mkia mfupi. Rangi gani?"

"Huyu naye," alisema Mbuyiselo, akakuna kichwa, "huyu naye ni ya kawaida."

Nilikuwa mkamwana wa mji ule, boma la wakwe zangu, na mkamwana haingii zizi la baba mkwe wake. Hakatizi hata uwanja ulio mbele ya zizi. Akitoka jikoni kwenda kisimani anazunguka nyuma ya nyumba zote, awe na ndoo kichwani au mvua mgongoni, kwa sababu zizini ndiko wanakokaa waliotangulia, mizimu ya ukoo, nao bado hawajamzoea. Jina la baba mkwe halitamki. Usoni hamtazami. Mama yangu aliishi hivyo, nami nilikuja nikiwa najua, wala sikuwa na ugomvi na desturi ya mtu. Lakini wale mbuzi walikuwa wangu. Katika mji ule mzima, pamoja na sufuria, mablanketi na mume mwenyewe aliyekuwa mgodini, mbuzi ndicho kitu pekee ambacho mtu akiulizwa "cha nani?" alijibu "cha Nokwakha." Nao walikuwa wanakufa.

Nilikuja na majike machache niliyopewa na baba yangu, na kigunia cha mbegu. Kwetu, upande wa milimani, kila mwenye mbuzi alikuwa na kipande cha majani yale. Ni mmea wa jamii ya kunde, unasimama vijiti vijiti, majani membamba, maua hata nyuki anapita bila salamu. Hauna uzuri wowote. Lakini utafune: ulimi unakauka, mashavu yanashikana, kama umeuma pichi ambalo halijaiva. Ule ukakasi ndio mali yenyewe. Minyoo ya tumboni haiuwezi. Dawa za chupa za dukani tulishazinunua mpaka tukachoka. Minyoo ya kwetu ilizizoea, ikawa inazinywa kama chai.

Baba Mkwe alinipa shamba la mawe. Lilikuwa juu ya barabara, udongo mwekundu mgumu, mahali ambapo mahindi yaliwahi kupandwa yakatoa magunzi marefu kama kidole. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda dukani walisimama kunitazama nikichimba. "Jamani, mkamwana wa Tolo analima mawe!" Tolo ndilo jina la ukoo wao, na ndilo watu walilomwita Baba Mkwe. "Nokwakha dada, ukivuna utuuzie changarawe!" Niliwajibu kwamba nitawauzia, na kwa kipimo kizuri.

Mmea haukuota kwa haraka, lakini uliota. Mbuzi walipoingizwa mara ya kwanza walikula huku wamekunja nyuso, midomo imejipinda, macho nusu. Ilikuwa kichekesho. Mbuyiselo aliwaita watu waje kuona mbuzi wanaokula dawa kwa hiari yao. Kiangazi kikapita, mvua zikaja, na mbuzi wa majirani wakaanza kuvimba chini ya taya na kuanguka mmoja mmoja. Wangu waliruka ua. Walizaa mapacha. Jike lao kubwa, Mpemvu, tuliyemwita hivyo kwa uso wake mweupe, aliwahi kumpiga kichwa mbwa wa Baba Mkwe mpaka mbwa akahamia chini ya gari la kukokotwa.

Kicheko cha barabarani kikaisha. Baba Mkwe akaanza tabia ya kusimama jioni kando ya shamba la mawe, mikono nyuma, akiwaambia wapita njia, "Hilo ni la mkamwana wangu." Nilimwona nikiwa mbali, nikafurahi, siwezi kudanganya.

Kisha nikaenda kwetu kujifungua, maana mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mama yake. Nikakaa huko mpaka shingo ya mtoto ikakaza. Siku niliyorudi nilishuka barabarani na mzigo wangu, nikainua macho kuangalia shamba, nikadhani nimeshushwa kijiji kingine.

Majani yalinifika kiunoni. Yalikuwa mapana, laini, ya kijani kile cha kung'aa, yanalala na upepo na kuinuka. Mawe hayakuwepo, yalikuwa yamekusanywa yote upande wa juu, yakapangwa ukuta. Katikati ya shamba palipita mfereji mpya, na ndani yake maji ya chemchemi yalikuja yakicheka. Harufu ya samadi ilinipokea kabla ya watu.

Baba Mkwe ndiye aliyefanya yote. Mzee wa umri ule! Alichimba mfereji kwa mikono yake kutoka chemchemini, akafunga ng'ombe, akavuta samadi ya zizi lote mpaka chini ya zizi pakaonekana mwamba. Mikono ilikuwa malengelenge matupu na kiuno alikifunga kwa kamba. Aliyafanya kwa ajili ya mjukuu, na kwa ajili yangu. Jioni alikuja akakaa mlangoni, na kwa kuwa hakutakiwa kuongea nami ana kwa ana wala mimi naye, aliongea na mbwa.

"Mbwa wewe," alisema, "siku hizi mbuzi wa mji huu wanakula wamekunjua nyuso. Walikuwa wananitia huzuni. Mtu unampa mgeni chakula cha kumkunja uso?"

Mbwa akapiga mkia. Mimi nilimshukuru kwa kichwa, nikainama, na nilishukuru kweli. Ningefanya nini? Hakuna mtu aliyewahi kunichimbia hata shimo la kupandia kitunguu.

Asubuhi nilipanda kwenda shambani, nikachuma jani nikatafuna. Hapakuwa na kitu. Nilichuma lingine, nikatafuna mpaka likawa maji mdomoni. Ladha yake ilikuwa ya maji. Nikaanza kupanda taratibu kuelekea ukuta wa mawe, natafuna na kutema, natafuna na kutema, kama mwendawazimu. Katikati ya shamba hapakuwa na kitu. Karibu na ukuta, ambako mfereji haukufika na samadi iliisha, mimea ilikuwa mifupi, majani yamejikunja, na nilipouma jani ulimi ulikauka pale pale. Mmea ni ule ule, mbegu ni ile ile ya baba yangu. Ukiwa na njaa na kiu unajihami kwa ukali. Ukishibishwa na kunyweshwa, hauna wa kumwogopa, unaacha ukali, unanenepa. Na chini yake udongo ulikuwa umelowa, mahali ambapo minyoo hufanya harusi.

Niliporudi nyumbani nilimtazama jike mmoja aliyekuwa akitolewa malishoni. Chini ya taya alikuwa na uvimbe mlaini, umening'inia kama mfuko wa maji.

Basi hapo ndipo ilipoanza kazi iliyonizeesha. Nilimwendea mama mkwe wangu, MaMpinga, jikoni. Nilipima maneno yangu.

"Mama, naomba umfikishie Baba. Mwambie kazi aliyofanya nimeiona na namshukuru. Lakini samadi na maji vimeondoa ukakasi kwenye majani, na bila ukakasi mbuzi wanaliwa na minyoo. Namwomba tufunge mfereji, na samadi isiongezwe."

MaMpinga alikuwa akikoroga sufuria ya mahindi na maharage. "Mm," alisema.

Jioni ile, nikiwa chumbani nanyonyesha, nilisikia sauti yake upande wa pili wa ukuta. "Baba Lungisile, mkamwana anasema anashukuru sana kwa shamba." Kisha mzee akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyefurahi asitake kuonekana amefurahi. Alfajiri akafunga ng'ombe, akaenda kuomba samadi kwa jirani.

Lo! Nilikimbilia jikoni kamasi zinanitoka kwa hasira. "Mama, sikusema hivyo!"

"Ulichosema nakijua."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mzee hakuwahi kumfanyia mkamwana yeyote kitu kama hiki. Mimi mwenyewe miaka yote hii sijachimbiwa mfereji. Halafu niende nikamwambie, mikono ile ikiwa vidonda, kwamba anaua mbuzi? Mwambie wewe."

"Mimi siruhusiwi kumwambia."

"Haya basi," alisema MaMpinga, akaendelea kukoroga.

Nilitembea hadi dukani kwenye simu, nikampigia mume wangu, Lungisile, mgodini. Nilimweleza yote, nikimsikia akitafuna kitu. "Baba amekuchimbia mfereji?" aliuliza. "Baba yangu huyu? Huyo hajawahi kuchimba hata shimo la choo chetu, tulichimba sisi. Mke wangu, mshukuru." Nikamwambia kwamba suala si shukrani, ni minyoo. Akasema nimheshimu baba yake, na simu ikakatika, au aliikata yeye.

Nikamgeukia Mbuyiselo. Yeye alikuwa kijana mkubwa asiye na haraka na jambo lolote isipokuwa chakula. "Shemeji," aliniambia, "mbuzi wanakula, wanacheua, wanalala kwa raha. Wewe unataka wale dawa kila siku. Wewe mwenyewe unakula dawa kila siku?"

"Wanavimba taya, Mbuyiselo."

"Wananenepa."

"Wanaonenepa huwa wananenepa taya peke yake?"

Alifikiri juu ya hilo. "Inawezekana," alisema.

Nilirudi kwa MaMpinga tena, na tena. Kila nilipopeleka neno lenye miba, lilifika kwa mzee limemenywa. Nilisema, "Mmoja amekufa," likafika, "Mkamwana anasikitika kidogo." Nilisema, "Maji yafungwe," likafika, "Mkamwana anaulizia afya ya mgongo wako." Baba Mkwe naye alipoona mbuzi wanalegea, alihukumu kwa huruma yake kwamba wamekosa nguvu, na aliyekosa nguvu hupewa chakula kizuri zaidi. Akaamuru washinde shambani mchana kutwa. Akaupanua mfereji. Mimi nazunguka nyuma ya nyumba na ndoo yangu, nazunguka, naona maji yanametameta kule juu, natukana kimoyomoyo matusi ambayo sikujua ninayajua.

Alikufa mwingine, jike la mapacha. Na kesho yake asubuhi ndipo nilipomwita Mbuyiselo, nikasimama nje ya ua na kumwambia ashushe kope.

Alifika kwa wa nne, akasema ya kawaida.

Niliwatazama mbuzi wangu kupitia miti ile. Wawili walikuwa wamelala na hawakuinuka alipowapita. Mpemvu, yule aliyemtoa mbwa uwanjani, alisimama pembeni kichwa chini, tone la maji likining'inia puani, na hakulipangusa. Sikuwaza sana. Watu wanapenda kuniuliza niliwaza nini, kana kwamba nilikaa chini nikapiga ramli. Niliondoa miti ya mlango, mmoja mmoja, nikaiweka chini, nikaingia.

"Shemeji!" Mbuyiselo alimwachia mbuzi. "Shemeji, una wazimu? Na mtoto mchanga mgongoni!"

"Nipishe."

Nilimshika wa kwanza, nikashusha ukope. Mweupe. Wa pili mweupe. Wa tatu waridi, nikashukuru. Mwenye mkia mfupi, yule wa kawaida, alikuwa mweupe kama maziwa. Nilimgeukia Mbuyiselo na jicho la mbuzi nimelifungua kwa kidole. "Hii ndiyo kawaida?" Alitazama chini.

Niliwatoa wote. Walioweza kutembea niliwaswaga. Waliolala nilimwambia Mbuyiselo awabebe, naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifanya jambo bila kulijadili. Tulipita katikati ya uwanja, mbele ya nyumba kubwa, mahali ambapo mguu wangu haukuwahi kukanyaga. Baba Mkwe alikuwa ametoka na kikombe chake cha chai. Nilimpita uso juu. Alinitazama, na mimi nilimtazama, na hakusema neno kwangu wala kwa mbwa.

Nilienda hadi kwenye ukuta wa mawe, kwenye ile mimea mifupi iliyosahauliwa, na juu yake migunga yenye magome makali, nikawaacha wale huko. Kisha nikachukua jembe. Mfereji aliouchimba kwa muda wote niliokuwa kwetu niliuvunja kabla jua halijapasha, nikauziba kwa udongo wake mwenyewe na kuukanyaga kwa miguu yote miwili. Nililia huku nakanyaga, kwa maana ulikuwa mfereji mzuri, umenyooka, umechimbwa na mtu anayependa.

Baadhi walikufa hata hivyo. Waliobaki walianza kukunja nyuso tena. Niliwapa jani bichi, la ukali, kila siku, na mlimani, ambako sasa niliwachunga mwenyewe na hakuna sheria ya zizi, niliwakagua kope kwa mkono wangu. Weupe ukawa waridi, na waridi ikaanza kuwa nyekundu. Mpemvu ndiye aliyepona wa kwanza, akawa analazimisha wengine wampishe njia. Nikadhani yamekwisha.

Leo nina mkamwana wangu mwenyewe. Anapita uwanjani na simu sikioni, anaingia zizini akitafuta ishara ya mtandao, na mimi nanyamaza, kwa sababu najua kunyamazishwa. Lakini zamani hizo jambo kama langu halikuachwa likapoa lenyewe. Kaka mkubwa wa Baba Mkwe, Mzee Jongikhaya, alikuja na fimbo yake na kiu yake, wanaume wakakaa, na hukumu ikaletwa jikoni kwangu kupitia MaMpinga: waliotangulia wameingiliwa nyumbani mwao na mkamwana, tena mzazi mwenye mtoto mchanga. Waombwe radhi. Achinjwe mbuzi.

"Mbuzi wa nani?" niliuliza.

"Wa aliyekosa."

"Yupi?"

MaMpinga alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. "Wamesema huwezi kuwapa waliotangulia mgonjwa. Wamesema yule mwenye uso mweupe."

Nilikaa chini. "Mama, nisikie. Niliingia zizini ili mbuzi wasife. Sasa afe mbuzi kwa sababu niliingia zizini ili mbuzi wasife. Na afe yule aliyepona. Hesabu hiyo umeiona?"

"Nimeiona," alisema. "Usiipige mbele ya wageni."

Pombe ilipikwa. Siku ilipofika, wanaume waliingia zizini, na sisi wanawake tukakaa kwenye mikeka nje ya ua, vichwa vimefungwa, mimi mbele kabisa kama bibi harusi. Kupitia miti nilimwona Mpemvu amelazwa ubavu, Mbuyiselo ameshika miguu. Jongikhaya alisimama na mkuki wa ukoo. Aliita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwangu. Alisema mkamwana aliingia bila kukaribishwa. Alisema tunaomba msamaha. Kisha akamchoma tumboni kwa ncha, kidogo, kama inavyotakiwa.

Mbuzi wa maombi lazima alie. Akilia, wamepokea. Asipolia, pana kitu.

Mpemvu hakulia.

Jongikhaya alirudia majina, na safari hii kwa haraka, maana pombe ilikuwa inamsubiri. Akachoma. Mpemvu alimtazama tu, jicho wazi, jekundu zuri pembeni. Wanaume wakaanza kunong'ona.

"Kuna neno limekaliwa," alisema Jongikhaya kwa kuchukia. "Aliyelikalia ainuke. Hatutakesha hapa."

Ndiyo desturi: mbuzi akikataa, watu hutoa yaliyo vifuani. Wa kwanza kusema alikuwa Mbuyiselo, akiwa bado ameshika miguu.

"Mimi rangi sizioni vizuri," alisema. "Tangu utotoni. Nyekundu na kijani kwangu zinafanana na udongo. Shemeji aliniuliza macho nikasema kawaida. Niliona aibu."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mimi nilifunga macho. Asubuhi ile yote! Mtu mzima ananiambia kawaida, kawaida, kumbe angeweza kuniambia neno moja tu nikamtafuta mwingine. Jongikhaya akachoma. Kimya.

Pembeni yangu MaMpinga alisafisha koo. Hakuinuka. "Mkamwana alinipa ujumbe mara nyingi," alisema kwa sauti ya kusikika zizini. "Kwamba mfereji ufungwe. Mimi nilipeleka asante. Kama kuna aliyekosa, ni mdomo wangu." Wanawake walivuta pumzi. Nilitaka kumshika mkono, na nilitaka kumfinya, sikufanya lolote.

Mkuki ukashuka tena. Mpemvu akapumua tu.

Baba Mkwe alivua kofia.

"MaMpinga asijitwike," alisema. Hakumwangalia mtu, aliongea na ardhi ya zizi, na wale waliomo. "Siku ile ya kwanza nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta wa jiko, naota jua. Nilimsikia mkamwana mwenyewe. Samadi, maji, ukakasi, minyoo, yote. Alisema vizuri, kwa heshima. Jioni mke wangu akaniletea asante. Nikaona nichukue asante."

Jongikhaya alihamishia mkuki mkono wa pili.

"Alipofika hapa nilimpa shamba la mawe kwa kusudi. Nilitaka nione ataishia wapi. Halafu akafaulu." Aliizungusha kofia mikononi. "Nilitaka pale juu pawe na kitu nilichokifanya mimi."

Jongikhaya alichoma, na Mpemvu akalia. Alilia kwa sauti kubwa, ndefu, mpaka ng'ombe wa jirani wakajibu. Wapo wanaosema alilisikia neno. Mimi nilikuwa pale, nasema Jongikhaya alichoma kwa nguvu zaidi kwa sababu kiu ilikuwa imemzidi. Hata hivyo alilia, na kisu kikafuata.

"Camagu!" wanaume walipaza sauti, kushukuru kwamba waliotangulia wamepokea. "Camagu! Tolo! Dlangamandla!" Walimwita Baba Mkwe kwa majina ya sifa ya ukoo, wakampigapiga mabegani. Walisema huyo ndiye mwanamume, anayesema la kwake mbele ya wakubwa zake. Walisema mji una bahati. Kata ya kwanza ya pombe walimpa yeye, akanywa, akafuta mdomo, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Alikuwa amesikia. Kila nilipozunguka nyuma ya nyumba zile na ndoo kichwani, kila neno nililolipima na kulipunguza makali ili lisimuumize, alikuwa ameshalisikia siku ya kwanza, likiwa zima. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Na chini ya hasira, jamani, palikuwa na kitu kingine kinachonyanyuka, kwa sababu hakuna mzee niliyemjua katika maisha yangu yote aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba mkamwana wake alisema vizuri.

Ndani walikuwa wameanza kumchuna Mpemvu. MaMpinga alinigusa kwa kiwiko.

"Piga kigelegele," alisema. "Ni wewe unayengojewa."

Nikafungua mdomo nikapiga. Nilipiga mpaka wenzangu wakaacha kunifuatisha, mpaka mtoto mgongoni akashtuka na kuanza kulia, na bado nilikuwa napiga.